Maziwa, Belghamu na Katazo la Miaka Mia Nane

Kwa miaka mitatu sikunywa chai ya maziwa nyumbani kwa mama. Nilikuwa na sainasi: pua imeziba, paji la uso linagonga kila nikiinama, na kila mtu kazini ana dawa yake. Jambo moja tu walikubaliana wote: acha maziwa, yanaleta makohozi. Nikaacha. Mama alikuwa ananimiminia chai ya rangi bila kusema neno, ila nilijua imemuuma. Kwetu chai ya rangi ni ya siku za shida, siyo ya mtoto aliyekuja kusalimia.

Juzi ndiyo nikauliza swali ambalo mwandishi wa habari alipaswa kuuliza siku ya kwanza: nani alisema?

Jibu limejificha ndani ya neno lenyewe. Belghamu tumeipata kwa Waarabu, balgham, nao waliipata kwa Wagiriki, phlegma. Katika tiba ya Hippocrates na Galen, afya ilitegemea uwiano wa majimaji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na belghamu. Belghamu ilikuwa ya baridi na unyevu, makao yake ubongo, na iliaminika kwamba kamasi ni yenyewe inayochuruzika kutoka kichwani hadi puani. Mgonjwa wa mafua basi alitakiwa kuchunga kinachojaza kichwa.

Mwishoni mwa karne ya 12, Maimonides, tabibu Myahudi aliyezaliwa Córdoba na kuhamia Misri, aliandika kwa Kiarabu risala juu ya pumu kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa tabaka la juu. Humo maziwa yametajwa kuwa hukijaza kichwa. Supu ya kuku, kwa upande mwingine, aliisifia.

Mwaka 1660, huko Wittenberg, Ujerumani, Conrad Victor Schneider alianza kuchapisha kazi kubwa iliyoonyesha kwamba kamasi haitoki kwenye ubongo. Inatengenezwa na utando ulio ndani ya pua yenyewe. Hapo hoja nzima ilianguka. Lakini katazo halikuanguka nayo. Lilibaki midomoni mwa mama na bibi, na karne ya 20 likaibuka hata kwenye kitabu maarufu cha malezi cha Mmarekani Benjamin Spock.

Mwaka 1990 watafiti wa Australia waliamua kupima. Waliwaambukiza watu 60 virusi vya mafua, wakaandika kila mmoja anakunywa maziwa kiasi gani, halafu wakapima uzito wa kamasi zao. Ndiyo, walizipima kwenye mizani! Wanywaji wakubwa wa maziwa hawakutoa kamasi zaidi. Ila walioamini kwamba maziwa yanaleta makohozi walilalamika zaidi kuhusu kikohozi na kuziba.

Hisia hiyo ina chanzo chake. Maziwa yakichanganyika na mate huwa mazito kidogo na kuganda kooni kwa muda, nasi tunadhani ni makohozi. Jaribio jingine la Australia, la 1993, lilionyesha kuwa kinywaji cha soya kinacholingana nayo kwa ladha na uzito huleta hisia ileile.

Je, kesi imefungwa? Hapana. Mwaka 2019 jaribio la Uingereza lililohusu watu 108 waliosumbuliwa na makohozi lilikuta kwamba walioepushwa na maziwa walieleza kupata nafuu. Lakini hapo kipimo kilikuwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, siyo mizani. Na mwenye mzio wa maziwa ana habari yake nyingine kabisa, aende kwa daktari.

Kinachonisumbua ni watoto. Mtu mzima akiacha maziwa anapoteza chai tu. Mtoto mwenye mafua, asiye na hamu ya kula, akinyimwa kikombe chake, anapoteza chakula. Ananyimwa kwa sababu ya nadharia iliyokufa 1660.

Jumapili iliyopita nilimwambia mama, "Leo niwekee ya maziwa." Hakuuliza kitu, akaongeza na tangawizi.

Sainasi bado ninayo.