Pahali pa Kutembea Bure

Mwaka nilioanza kuishi Nairobi, rafiki mmoja aliniuliza bustani ya umma ya kwetu Chwele inaitwaje. Nikacheka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu.

Chwele tuna soko. Siku ya soko malori yanajaa vitunguu, nyanya na maharagwe, nduthi zinapigiana honi, na ukisimama kidogo tu unasukumwa na mkokoteni. Sote tunajivunia soko hilo. Lakini pahali pa kukaa chini ya mti bila kununua kitu, bila mtu kukuuliza unatafuta nani? Hapo ni shida. Tulipokuwa watoto tulikuwa na kiwanja na ukingo wa mto. Siku hizi kiwanja kina ua na lango, na ukingo umelimwa mpaka sukumawiki inakaribia kunywa maji yenyewe.

Kwa hivyo niliporudi nyumbani Desemba, niliamua kutafuta. Nilitaka kujua katika sehemu zetu mtu wa kawaida anaweza kutembea wapi, na nani aliamua hivyo.

Nilianza na Kitale. Matatu inapita Kimilili na Kamukuywa, kisha unaingia Trans Nzoia, na ghafla mashamba yanapanuka. Upana huo una historia yake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ardhi hii iligawiwa walowezi Wazungu, na mwaka wa 1926 reli ikafika Kitale kubeba mazao yao. Wabukusu wengi waliingia mashamba hayo kama maskwota. Kuanzia 1920 mwanaume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, ile karatasi ya kuonyesha yeye ni nani na anamfanyia nani kazi. Wengi waliiweka kwenye kikopo cha chuma na kukining'iniza shingoni. Kutembea mjini Kitale hakukuwa burudani kwa babu zetu. Kila hatua ilikuwa na askari anayeweza kusema: simama, toa kipande.

Mwaka huohuo wa 1926, mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, alifungua makumbusho yake ya ndege, wadudu na vitu vya kale. Mkusanyo huo ndio uliozaa makumbusho ya sasa ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974. Nyuma ya majengo kuna njia ya miguu inayoingia kwenye kipande cha msitu wa asili, na ukiwa ndani unasahau kwamba barabara kuu iko karibu. Nilikutana na wanafunzi wakiwa wamevua viatu, mwalimu akiwapigia kelele wasiguse mimea. Nilifurahi. Lakini mlangoni nilikuwa nimelipa.

Mwaka huohuo wa 1974 ndipo Saiwa ilipotangazwa kuwa mbuga ya taifa. Ndiyo mbuga ndogo kuliko zote Kenya, takriban kilomita tatu za mraba, na ilitengwa hasa kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye matope. Gari haliingii. Unatembea kwa miguu juu ya vijia vya mbao, unapanda jukwaa lililojengwa mtini, unakaa kimya. Mimi nilimwona mmoja tu, tena mgongo na masikio. Bado nilishukuru. Katika nchi ambapo neno "mbuga" hutufanya tufikirie magari ya watalii, hapa kuna moja iliyotengenezewa miguu. Ila pia hapa unalipa, na kijana wa Chwele asiye na kazi atafikiria mara mbili kati ya kumwona nzohe na kununua unga.

Usifikirie kwamba kila ardhi iliyotengwa ni zawadi. Ukisimama Chwele asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, unauona Mlima Elgon. Msitu wake ulitangazwa hifadhi ya serikali mwaka wa 1932, na sehemu yake ikawa mbuga ya taifa mwaka wa 1968. Kila mara mstari ulipochorwa, kulikuwa na watu upande wa ndani. Waogiek wa Chepkitale walijikuta mwaka wa 2000 nyumbani kwao pamegeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama. Walienda kortini, na mwaka wa 2022 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Bungoma ikawapa haki. Kwa hivyo mtu akiniambia "tutenge nafasi ya kijani", swali langu la kwanza ni: mnamtoa nani?

Safari ya mwisho ilikuwa Chetambe, kilima kilicho juu ya Webuye. Mwaka wa 1895 Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Charles Hobley, likiwa na askari wa Kisudani, Waganda na Wawanga. Boma la Lumboka lilipoanguka, watu wakakimbilia boma la Chetambe, lililokuwa la Watachoni, lenye kuta za udongo na handaki. Mikuki na ngao vilikutana na bunduki ya rashasha. Wengi walifia pale.

Miaka 52 ikapita. Septemba 1947, Elijah Masinde, mtu wa Kimilili aliyewahi kuichezea Kenya mpira na baadaye kuongoza Dini ya Msambwa, aliwapandisha wafuasi wake mamia kwa mamia hadi Chetambe kuwaombea waliouawa. Hebu fikiria. Watu wanaotakiwa kuwa shambani, au angalau wawe na karatasi ya kueleza wanakoenda, wanapanda kilima pamoja bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Dini ya Msambwa, na Masinde akapelekwa kizuizini, mwishowe Lamu, mbali kabisa na kilima hicho.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo njia ya miguu muhimu kuliko zote Bungoma. Haikupimwa na mtu wa ardhi wala kuwekewa kibao. Ilitengenezwa na nyayo za watu waliotaka kukumbuka.

Nikiwa njiani kupanda nilimkuta mzee akichunga ng'ombe watatu. Nikamsalimia, "Mulembe, kuka." Akaitikia, akaniuliza nimekuja kununua shamba. Nikamwambia la, natembea tu. Akanitazama toka viatu mpaka kichwa. "Unatembea tu?" Nikasema ndiyo, nataka kuona pale watu walipopigana. Hapo uso wake ukalegea. Akanionyesha kwa fimbo mahali handaki lilipopita, sasa mbonyeo tu wenye nyasi, kisha akasema, "Tembea, mjukuu wangu. Ila ukirudi mwakani, uangalie kama bado kutakuwa na pa kupita."

Maneno hayo yalinirudisha Nairobi. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, wakubwa walimcheka na kumtukana. Jengo halikujengwa. Leo kijana wa Chwele akifika Nairobi kutafuta kazi, anaweza kulala kwenye nyasi zile na kula mahindi ya kuchoma. Nyasi zile zipo kwa sababu kuna mtu alikubali kutukanwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi ya umma ni yetu, na serikali inaishika tu kwa niaba yetu. Maneno mazuri. Lakini ekari moja isiyo na jina wala mtu wa kuiulizia huwa haidumu. Huanza na kibanda kimoja, kisha ua wa mabati, kisha hati inatokea.

Siku ya kuondoka nilishuka mtoni Chwele na binamu yangu wa miaka tisa. Tulihesabu miti iliyobaki upande wetu, kutoka darajani hadi kwenye kona: kumi na minne. Akaniuliza ni ya nani. Nilitaka kumwambia ni yetu, nikaona ni bora niende kwanza ofisi ya ardhi, niulize ramani inasema nini. Nimeshaandika barua. Bado nasubiri jibu, na yeye kila Jumapili ananipigia simu kuniambia hesabu. Wiki iliyopita ilikuwa kumi na mitatu.