Wakfu Bila Ukarabati: Somo Kutoka Mji Mkongwe

Sifa njema zote ni za Allah (Subhanahu wa Taala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam). Ama baad.

Umar bin Khattab (Radhiya Allahu anhu) alipopata ardhi Khaibar alimwendea Mtume kumtaka ushauri. Akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Juu ya hadithi hii mafaqihi wamejenga mlango wa wakfu.

Athari ya mlango huo inaonekana Mji Mkongwe wa Unguja, ambako nyumba nyingi ziliwekwa wakfu ili kodi yake ihudumie misikiti, jamaa na mafakiri. Katika mji huo walisomesha Sheikh Abdullah Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumait, waliofariki wote mwaka 1925.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na majengo yakachakaa. Mamlaka ya uhifadhi iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Lakini mvua haisomi hati. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Paa likivuja, boriti huoza. Ukuta ukipigwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Basi anayengoja ufa, amechelewa.

Imam Nawawi katika Minhaj anataja ukarabati miongoni mwa kazi za nadhiri, pamoja na kukodisha, kukusanya mapato na kuyagawa. Tena nadhiri hana ruhusa ya kukodisha chini ya kodi ya mfano wake. Kodi ikiwa ndogo mno, paa litatengenezwa kwa nini? Huko si kumhurumia mpangaji, ni kuila amana ya aliyeweka wakfu.

Ndugu zangu wa Somanda, sisi hatuna majumba ya karne zilizopita. Lakini tangu Bariadi iwe makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, mji unakua. Msikiti tunaoujenga leo ndio urithi wa wajukuu. Tuandike hati ya wakfu, tumteue nadhiri muaminifu, na tutenge fungu la ukarabati kabla ya kununua zulia jipya.

Wallahu a'lam.