Roda au Bobini?

Mvuvi asimamaye ufukweni hutaka chambo kiyavuke mawimbi yanayovunjika, ndipo ufitoni pakafungwa chombo cha kukunjia uzi. Tukiite nini?

Wengi tungesema roda, neno tulilolipokea kwa Wareno, kwao likimaanisha gurudumu. Linafaa kwa chombo kinachozunguka uzi unapotoka. Kikizidi kasi, uzi hutatizana. Mwaka 1905 Alfred Illingworth, Mwingereza wa viwanda vya sufu, alipata hataza ya chombo cha namna nyingine: uzi huteleza ukingoni, nacho kimetulia. Hicho nakiita bobini. Mwaka 1920 Charles Alvey alianza kuunda vyake Brisbane, Australia. Hugeuzwa ubavu wakati wa kurusha, hivyo ni bobini; hurudishwa wakati wa kuvuta, kikawa roda. Sehemu zake ni chache, kwa hiyo huhimili mchanga na chumvi, ingawa uzi husokoteka.

Darasani nilisisitiza kwamba jina lizaliwe na kazi. Basi anunuaye chombo aulize kwanza uzi unatokaje. Na mtunga istilahi aulize vivyo hivyo.