Nambari 36

Mwaka nilioacha chuo nilikuwa nalala kwa kochi ya binamu yangu pale Umoja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumaliza bando lake. Usiku mmoja YouTube ikaniletea mchezo ambao sikuuelewa hata kidogo. Wachezaji 18 kila upande, mpira wenye umbo la yai, milingoti minne kila mwisho wa uwanja, na hakuna mtu aliyeonekana kuchoka. Binamu akachungulia akaniuliza, "Kwani hao wanapigania nini?"

Ilikuwa futiboli ya Australia, mchezo ambao sheria zake ziliandikwa Melbourne mwaka wa 1859. Lakini kilichonishika kilikuwa jamaa mmoja mfupi, mzito kidogo wa miguu, ambaye kila mpira ulipodondoka alikuwa ashafika. Jina lake Sam Mitchell. Nilisoma habari zake mpaka kukapambazuka. Kumbe mwaka wa 2000, akiwa na miaka 18, klabu zote 16 za ligi kuu zilipata nafasi ya kumchagua na zote zikampita.

Unaweza kukisia kwa nini hadithi hiyo ilinipendeza.

Turudi nyuma kidogo. Zamani klabu za Melbourne ziligawana maeneo. Ukizaliwa upande fulani, wewe ni wa klabu fulani, na klabu yenye eneo lenye vipaji ilibaki juu. Mwaka wa 1986 ligi ikaanzisha drafti ya kitaifa. Si ile drafti ya vifuniko vya soda inayochezwa kwa steji. Hii ni foleni: timu iliyoshika mkia inachagua kijana wa kwanza, inayofuata inachagua wa pili, hivyo hivyo mpaka majina yaishe. Nia ilikuwa kuwapa wanyonge nafasi. Lakini mara tu unapoweka watu kwenye foleni, lazima mtu aamue nani anasimama mbele. Kwa hivyo kazi ya kupima vijana ikawa kazi kubwa, yenye watu wanaozunguka nchi nzima na daftari.

Kwa miaka mingi vijana bora waliitwa Canberra, kwenye Taasisi ya Michezo ya Australia. Walipimwa kimo na uzito. Walikimbia mita 20 huku saa ikiwahesabu. Waliruka juu, wakakimbia kwenda na kurudi wakifuata mlio mpaka pumzi ikakata. Vipimo vizuri tu, na mimi sivichekelei. Mchezaji wa kati anaweza kukimbia zaidi ya kilomita kumi kwa mechi moja, kwa hivyo kama huna pumzi utaonekana.

Sasa tuingie mwaka wa 2001, drafti ambayo wengi wanaihesabu kuwa bora kuliko zote. Fremantle ilikuwa imemaliza mkiani, kwa hivyo chaguo la kwanza lilikuwa lake. Ikaliuza. Iliipa Hawthorn machaguo matatu, la 1, la 20 na la 36, ikachukua wachezaji wawili waliokuwa tayari kwenye ligi, Trent Croad na Luke McPharlin. Kwa la kwanza Hawthorn ikamchukua Luke Hodge. St Kilda ikafuata na Luke Ball. Wa tatu, kwa West Coast, alikuwa Chris Judd, kijana ambaye mabega yake yalikuwa yashapitia upasuaji.

Judd alikuja kushinda medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili: 2004 na 2010. Ukisoma ubishi wa mashabiki, bado kuna watu wanaoulizana kwa nini alikuwa wa tatu. Lakini waliomweka Hodge mbele hawakuwa wajinga. Hodge alikuwa bora wa fainali mara mbili, 2008 na 2014, na aliiongoza Hawthorn kama nahodha kuchukua ubingwa mara tatu mfululizo. Mimi naona kosa la kweli liko chini ya orodha. Gary Ablett Mdogo, kwa kanuni ya mtoto kufuata klabu ya babake, alihesabiwa nambari 40. Dane Swan alikuwa nambari 58. Wote wawili walikuja kushinda Brownlow.

Na lile chaguo la 36, lililoongezwa kwenye biashara kama nyongeza ya sukuma wiki kwa mama mboga, likawa Sam Mitchell.

Hebu jiweke kwenye kiti cha aliyekuwa akimpima. Kijana hajafika sentimita 180. Mbio zake si za kutisha. Hawezi kuruka juu ya watu. Ukiandika udhaifu kwanza, ukurasa unajaa kabla hujafika kwenye uwezo.

Uwezo wake ulikuwa upi? Katika mchezo huu huruhusiwi kurusha mpira; unaupiga teke au unaugonga kwa ngumi. Ukikamatwa nao kabla hujauachia na nafasi ulikuwa nayo, unaadhibiwa. Kwa hivyo katikati ya lile rundo la miili, anayeokoka ni yule aliyejua mpira utaenda wapi kabla haujafika mikononi mwake. Mitchell alikuwa na mikono safi, mpira ukigusa vidole umeshika. Alipiga kwa mguu wa kulia na wa kushoto bila tofauti ya maana, kwa hivyo hakupoteza muda kugeuka. Ukiongeza hayo yote, alikuwa na haraka. Ila haraka yake haikuwa ya mita 20. Ilikuwa ya nusu sekunde, na hakuna aliyekuwa na saa ya kuipima.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo kuhusu kumpima kijana. Kuuliza anakosa nini ni rahisi, hata mpita njia ataona. Swali gumu ni kama kile alicho nacho kitaendelea kufanya kazi mchezo ukipanda ngazi. Kijana mkubwa wa mwili anaweza kuwatawala wenzake wa miaka 17, halafu akikutana na wanaume, ule ubavu unaisha. Akili ya kusoma mpira huwa haiishi hivyo.

Na kabla ya kupimwa lazima uwe mahali unapoonekana. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, huku kwetu, mwaka wa 1994, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini. Familia yake ilihamia Australia. Mwaka wa 2013 Sydney ikamchukua, nambari 44, na mwaka wa 2021, akiwa Port Adelaide, alitajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima kama beki anayenyaka mipira ya wapinzani angani. Kakuma ina vijana wangapi wenye macho kama yale? Hakuna mtu anayepita huko na daftari.

Nilibeba hadithi ya Mitchell kama hirizi. Mtu akiniuliza habari za chuo, namwambia kuna jamaa huko Australia alipitwa na klabu zote. Nikaihadithia mpaka binamu akachoka. Siku moja akauliza, "Na huo mwaka waliompita, alikuwa anafanya nini?"

Nilijua jibu, ila sikuwahi kulisema. Alikuwa anacheza. Alienda Box Hill, ligi ya chini, akapambana na wanaume wazima mwaka mzima, mpaka 2001 ikabidi watu waandike jina lake. Hata baada ya kuchaguliwa hakupewa nafasi ya kudumu mara moja. Mwaka wa 2002 alikuwa mchezaji bora wa ligi hiyo ya chini. Mwaka wa 2003 akawa chipukizi bora wa ligi kuu. Mwaka wa 2008 alinyanyua kombe kama nahodha, na Croad, yule aliyeuzwa ili yeye apatikane, alikuwa amerudi Hawthorn na alicheza fainali hiyo. Brownlow ya 2012 aliipata mwaka wa 2016, pamoja na Trent Cotchin, baada ya mshindi kuirudisha kwa sababu ya kashfa ya dawa katika klabu yake. Leo Mitchell ndiye kocha wa Hawthorn, klabu inayokaa mezani kila mwaka kupima watoto wa watu.

Mimi mwaka wangu wa kupitwa niliutumia kwa kochi. Tena sikupitwa na mtu, niliondoka mwenyewe.

Usiku huo nilitoa ripoti fomu yangu ya Form Four, ile yenye maneno ya mwalimu kwamba ningeweza kufanya vizuri zaidi. Nyuma yake nikaandika vitu ninavyoweza kufanya ambavyo mtu mwingine amewahi kuviona kwa macho yake. Vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kuandika. Jumatatu nikatuma makala yangu ya kwanza, ikakataliwa. Alhamisi nikatuma ya pili.