Ufunguo wa Kabati la Mofini

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru kwa njia izungukayo upande wa mashariki wa Mlima Kenya huvuka mito mingi, Ena na Thuci na Nithi na Mutonga ikiwa miongoni mwao, na aghalabu ya mito hiyo imepata, katika zama moja au nyingine, kuwa mpaka wa jambo fulani: mpaka wa ukoo, mpaka wa wilaya, mpaka wa misheni moja na nyingine, na tangu mwaka 2013 mpaka wa kaunti zenye magavana, mabunge na bajeti zao mbalimbali. Lakini tangu serikali ya kikoloni ilipoanza kuyaandika majina ya madaktari katika daftari lake hadi hivi leo, daktari aliyevuka Thuci akiwa na kalamu mfukoni hakulazimika kuonyesha kwamba rukhsa yake ya kuandika mofini ni ya ng'ambo hii au ile.

Jambo hili, ambalo kwetu laonekana la kawaida mno hata halistahili kutajwa, si la kawaida kila mahali. Huko Marekani, ambako wauguzi na madaktari wengi wenye asili ya Kenya wamekwenda kutafuta riziki, daktari atakaye kuandika dawa za namna hiyo katika majimbo mawili hana budi, kwa kawaida, kuwa na leseni ya kila jimbo, na fauka ya hayo kusajiliwa mbali kwa kila jimbo katika idara ya shirikisho izisimamiayo dawa hizo. Na anayehama jimbo bila kukamilisha taratibu hizi hujikuta ni daktari kamili asiyeweza kumwandikia mgonjwa aliyevunjika mguu dawa ya kumpunguzia maumivu yake. Kwetu ukuta ulijengwa penginepo. Haukujengwa kando ya mto, bali baina ya mtu na mtu kwa kufuata cheo, na baina ya mlango wa kabati na mkono utakao kuufungua; na historia ya ukuta huo katika nchi hizi mbili za Meru na Embu ndiyo ninayokusudia kuieleza.

Serikali ya Waingereza ilijenga boma lake Embu mwaka 1906, baada ya kuwapiga wenyeji kwa silaha, na Meru mwaka 1908, alipofika Edward Butler Horne, ambaye watu walimpa jina la Kangangi. Tiba ya kizungu ilifuata nyuma kidogo, nayo haikuletwa na serikali bali na wamisionari. Dakta T. W. W. Crawford, Mkanada wa misheni ya Kianglikana, alianza kazi Kigari, juu ya mji wa Embu, mwaka 1910; Dakta Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika Chogoria mwaka 1922, na Wamethodisti wakaanzisha hospitali yao Maua, katika nchi ya Igembe, mwaka 1928. Huo mwaka 1910 aliofika Crawford ndio mwaka ilipotungwa sheria ya kuwasajili madaktari wa tiba na wa meno katika himaya ya Afrika ya Mashariki. Daftari lilikuwa moja, nalo liliwekwa Nairobi, na daktari mwenye shahada iliyotambuliwa Uingereza aliingizwa humo pasipo taabu kubwa, akawa daktari wa nchi nzima kuanzia pwani hadi ziwa.

Kwa nini daftari likawa moja? Sidhani kwamba ilikuwa hekima ya pekee. Madaktari walikuwa wachache kupindukia, na mtu mmoja aliyekaa Chogoria aliwapokea wagonjwa wa Chuka, wa Mwimbi, wa Tharaka na wa Embu, waliobebwa kwa machela siku nzima au zaidi. Lau angetakiwa kuwa na hati ya kila wilaya, hati zingekuwa nyingi kuliko dawa alizokuwa nazo. Tena mkoloni hakuwa na haja ya kuzigawa mamlaka ambazo alizishika zote mwenyewe.

Ama dawa zenyewe, zile zitokanazo na afyuni, zilikuwa na habari ndefu kuliko barabara ya Meru. Mataifa yalikutana The Hague mwaka 1912 na Geneva mwaka 1925, yakapatana kwamba afyuni, mofini, kokeini na jamii zake zitumiwe kwa tiba na elimu tu, na kwamba kila nchi itoe hesabu kila mwaka ya kilichoingia na kilichotumiwa. Hivyo kichupa cha mofini kilichopanda mlima hadi hospitali ya misheni kilikuwa sehemu ya hesabu iliyoanzia kwenye kabati la mbao lenye kufuli na kuishia Ulaya, katika ofisi ya watu ambao hawakuwa na habari kama kuna mahali paitwapo Mwimbi. Sheria ya Dawa za Hatari, iliyokuja kuwa sura ya 245 katika sheria za Kenya, ndiyo iliyoifunga hesabu hiyo upande wetu.

Na hapa inafaa tusimame kidogo mbele ya kabati lenyewe. Sheria ile ya sura ya 245 ilifutwa mwaka 1994, lakini nenda leo katika wadi ya hospitali kubwa, utamsikia muuguzi akiuliza nani ana ufunguo wa DDA, yaani herufi tatu za jina la Kiingereza la sheria iliyokwisha kufa. Kabati liko ndani ya kabati, kufuli nyuma ya kufuli. Ufunguo hukaa na muuguzi mkuu wa zamu, wala hauachwi mezani. Zamu zinapokabidhiana, wauguzi wawili huketi na daftari wakavihesabu vichupa vya mofini na pethidini kimoja kimoja, idadi ikalinganishwa na ile iliyoandikwa asubuhi, wote wawili wakatia saini. Daktari akiandika miligramu 50 za pethidini na kichupa kina 100, nusu iliyobaki humwagwa mbele ya shahidi, na kule kumwagwa kwenyewe kukaandikwa, pamoja na jina la mgonjwa, saa, na jina la daktari aliyeamuru. Hesabu isipolingana, haendi mtu nyumbani. Nimewasikia wauguzi wazee wakilalamika kwamba katika maisha yao ya kazi hawakukiogopa kifo wala damu kama walivyokiogopa kichupa kimoja kilichopungua.

Tazama basi nani alikuwa na haki ya kuandika katika daftari hilo, na nani alikuwa na haki ya kuhesabu tu. Dresa, aliyefunzwa na misheni kuosha vidonda na kupiga sindano, na ambaye katika zahanati za mbali ndiye aliyekuwa daktari machoni pa watu, hakuwa na ruhusa ya kuagiza dawa ya kabati lile. Vijana waliosoma udaktari Makerere, waliofunzwa kwa miaka mingi, kwa muda mrefu waliajiriwa kwa jina la wasaidizi wa matabibu, na shahada yao haikutambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza hadi mwaka 1957. Mtu aliweza kumpasua mgonjwa tumbo usiku wa manane, na bado akawa chini, katika daftari, ya Mzungu aliyewasili kwa meli juzi. Huo ndio mpaka niliousema: Thuci huvukwa kwa daraja, lakini cheo hakina daraja ila lile ambalo mwenye mamlaka atapenda kulijenga.

Kuna jani, hata hivyo, ambalo serikali ilijaribu kulizuia kwa kufuata ardhi, nalo ni la nchi hizihizi. Mirungi, ambayo Wameru huiita miraa, humea katika vilima vya Nyambene, Igembe na Tigania, na ile mikuu, iliyokwisha kuzeeka na kupinda shina, huitwa mbaine, nayo hurithiwa baba kwa mwana. Wazee waliitafuna katika mashauri, na fungu lake lililofungwa vizuri lilipelekwa kwa wakwe mtu alipotaka kuposa. Hayo serikali iliyaacha. Lakini biashara ilipoteremka kutoka Nyambene hadi Isiolo na kuingia katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kwa Wasomali na Waborana, maafisa wa huko waliona wanajeshi, makarani na wafugaji wakitumia fedha zao katika majani, na katika miaka ya 1940 wakapiga marufuku. Walikuwa na mfano wa kuiga, maana Somalia ya Waingereza ilikwisha kulikataza jani hilo tangu 1921. Matokeo yalikuwa yale ambayo mtu yeyote wa Maua angeweza kuyatabiri: jani lenye kupoteza nguvu baada ya siku mbili hivi lilipata wasafirishaji wepesi zaidi, bei ikapanda upande wa pili wa mpaka, na marufuku hatimaye ikaachwa. Aden nayo ilijaribu mwaka 1957 na kurudi nyuma mwaka 1958.

Nimeitaja miraa kwa sababu inaonyesha kinyume cha mofini. Mofini ilifuata jina la mtu katika daftari moja la nchi nzima, nayo ikatulia. Miraa ilifungwa kwa mstari wa wilaya, nayo ikauruka. Jambo hili limerudi katika siku zetu. Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kuzuia muguka, ndugu mdogo wa miraa ambao hulimwa Mbeere, katika kaunti ya Embu. Kaunti nyingine za pwani zikamfuata. Wakulima wakapiga kelele, Rais akatangaza kwamba amri hizo hazina nguvu kwa kuwa miraa ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu iliyoketi Embu ikazisimamisha kwa muda. Wazazi wa Mombasa, ambao walikuwa wakiwaona wanao wakitafuna badala ya kwenda shule, hawakuridhika hata kidogo, na mimi siwalaumu. Lakini swali la kisheria lilikuwa lilelile la Isiolo, yaani kama kaunti yaweza kuweka mlango barabarani mbele ya kitu ambacho nchi imekiruhusu.

Tuirudie mofini. Baada ya Bodi ya Famasia na Sumu kuanza mwaka 1957, na Kenya kujiunga na mkataba wa 1961 juu ya dawa za kulevya, taratibu zilizidi kukaza. Sheria mpya ya madaktari ilianza kazi 1978, ya maafisa wa kliniki ikafuata 1988, na mwaka 1994 ikaja sheria kubwa ya kudhibiti dawa za kulevya, ambayo ilipotungwa ilimpa mwuzaji haramu kifungo cha maisha. Katika kifungu chake cha wanaoruhusiwa kuwa na dawa hizo kwa tiba, sheria hiyo iliwataja daktari, daktari wa meno, daktari wa mifugo na mfamasia. Daktari wa ng'ombe ametajwa. Muuguzi na afisa wa kliniki, ambao ndio wanaoziendesha zahanati nyingi za Meru na Embu, hawakutajwa. Haiwezekani kusoma kifungu hicho pasipo kujiuliza ni mgonjwa yupi aliyekuwa akilini mwa waliokiandika.

Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, ilizikabidhi kaunti hospitali zao na maduka ya dawa, na kuanzia 2013 hospitali za Embu na Meru, ambazo zamani zilihesabiwa chini ya mkoa mmoja wa Mashariki, zikawa na waajiri wawili. Chogoria na Chuka zikaangukia kaunti ya tatu, Tharaka-Nithi. Wengi walidhani kwamba daftari nalo litagawanywa. Halikugawanywa. Baraza la madaktari lingali Nairobi. Daktari hulipa leseni yake ya mwaka kwalo, na jina lake lafaa Embu kama lifaavyo Meru, ingawa kila nyumba ya tiba yahitaji hati yake yenyewe. Mgomo mkubwa wa madaktari wa 2016 na 2017, uliochukua siku 100, ulikuwa juu ya mishahara na mikataba, wala haukuwa juu ya kalamu.

Lakini daftari moja halimfikishii mtu dawa. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilipoichunguza Kenya lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za serikali. Uganda, ambako Dakta Anne Merriman alianzisha huduma ya wagonjwa wasiopona mwaka 1993, iliamua mwaka 2004 kuwaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini kwa mikono yao. Kwetu, hospisi za Meru na Embu zimefanya kazi kubwa ya kuwasogezea watu dawa hiyo, na haja yake si ndogo, kwani saratani ya koo la chakula imejulikana kwa muda mrefu katika nyanda hizi. Hata hivyo mgonjwa wa Tharaka au wa Mbeere ya chini, ambaye zahanati yake iko mikononi mwa muuguzi, hana budi kupandishwa gari hadi Embu, Chuka au Meru kumtafuta mtu mwenye rukhsa, na dawa ikiisha katika chupa yake kabla ya siku ya kurudi, safari huanza upya.