Kununua mtumbwi ao motere iliyotumika kupitia komisyonere: mambo ya kujua mbele ya kutoa pesa

Hapa Lweba, sawa na Abeka, Mboko ao Baraka, mtumbwi wa mbao na motere yake ni kama shamba la familia. Ndiyo unaleta ndagala na mikebuka sokoni, ndiyo unapeleka mgonjwa hospitali, ndiyo unalipa masomo ya watoto. Mtumbwi mpya ni ghali. Kwa hiyo wengi wananunua uliokwisha tumika, na mara nyingi katikati ya muuzaji na mnunuzi kuna mtu wa tatu: komisyonere.

Komisyonere si mtu mbaya. Anajua nani anauza Kazimia, nani anatafuta Uvira, na anaokoa safari nyingi. Lakini ubao ulioliwa unaweza kubadilishwa; pesa uliyompa mtu asiye mwenye mali ni vigumu irudi. Ndiyo maana makala hii inaanza na watu, kisha mbao na motere.

Komisyonere ni nani mbele ya sheria?

Kwetu jina "komisyonere" linatumiwa kwa kila mtu wa katikati. Sheria inatofautisha. Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo inafuata sheria ya pamoja ya biashara iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Kati ya watu ambao sheria hiyo inataja, kuna hawa wawili:

- Komisyonere wa kweli ananunua ao anauza kwa jina lake mwenyewe, lakini kwa faida ya mtu aliyemtuma.
- Kurtye anakutanisha tu watu wawili ili wapatane. Yeye hauzi na hanunui. Anapaswa kubaki huru kati ya pande mbili, na haruhusiwi kuingia yeye mwenyewe katika biashara anayoipatanisha, isipokuwa pande zote zikubali.

Wengi wanaozunguka kwenye fukwe zetu ni kurtye, hata kama tunawaita komisyonere. Maana yake ni hii: mtu huyo hana haki ya kupokea bei ya mtumbwi mahali pa mwenyewe, isipokuwa mwenyewe amempa ruhusa, na ruhusa hiyo uione kwa maandishi.

Nani anamlipa?

Sheria hiyohiyo inasema malipo ya kurtye ni asilimia ya bei, na anayelipa ni yule aliyemtuma. Kama muuzaji ndiye alimtuma, muuzaji analipa na hairuhusiwi kuongeza pesa hiyo juu ya bei ya mnunuzi. Kama wewe ndiwe ulimtuma akutafutie, utalipa wewe. Tena haki yake inafika pale biashara inapofungwa, si pale anapokuonyesha mtumbwi ukielea mbali.

Shida inayojulikana ni "cha juu". Tuseme mwenye mtumbwi anataka dola 1.500. Komisyonere anakuambia 1.900, anaweka 400 mfukoni, kisha anaomba komisheni kwa wote wawili. Dawa yake ni moja: siku ya bei, mnunuzi na mwenye mali wakae pamoja na bei itajwe kwa sauti mbele ya mashahidi. Ukisikia "Mwenyewe iko safari, leta avansi kwanza, kuna mwingine anautaka", ngoja. Mtumbwi wa kweli utakuwapo hata kesho.

Mwenye mali aonekane

Mbele ya kuangalia mbao, uliza mtumbwi ni wa nani. Kuna hali nne zinazoleta kesi:

1. Mtumbwi wa marehemu. Mtoto mmoja anauza, ndugu zake wanatokea nyuma. Dai idhini ya jamaa yote, na majina yaandikwe.
2. Mtumbwi wa shirika. Mitumbwi na nyavu vilivyotolewa kama msaada kwa shirika la wavuvi ao la akina mama si mali ya prezida peke yake. Omba PV ya mkutano ulioamua kuuza.
3. Mtumbwi wenye deni. Unaweza kuwa umewekwa rehani, ao wavuvi waliofanya kazi ndani yake hawajalipwa. Waulize wavuvi wenyewe, si muuzaji peke yake.
4. Motere ya wizi. Wavuvi wetu wamevamiwa mara nyingi ziwani na kunyang'anywa motere na nyavu. Motere hizo hazipotei, zinauzwa pahali pengine.

Juu ya hali ya nne, sheria ya Kongo inamlinda aliyeibiwa: anaweza kukidai kitu chake kwa muda wa miaka 3 tangu siku ya wizi, hata kama kimekwisha pita mikono mingi. Unaweza kuipoteza motere na pesa pamoja, na tena ukaulizwa na polisi uliipata wapi.

Kwa hiyo usiishie kwa komisyonere. Pita kwa shefu wa kijiji ambapo mtumbwi unalala, kwa kamati ya wavuvi ya ufuko ule, na kwa biro ya komisaria ya ziwa (commissariat lacustre) iliyo karibu. Ukiwa umetoka Lweba na mtumbwi uko Ubwari, safari hiyo ya kuuliza ni sehemu ya bei.

Kuchunguza mbao

Wakati mzuri ni siku za mwezi mkubwa. Uvuvi wa taa haufanyi vizuri wakati mwezi unaangaza, kwa hiyo mitumbwi mingi inapandishwa inchi kavu na unaweza kuiona chini.

- Piga kila ubao kwa nyundo ndogo. Ubao mzima unalia. Uliooza unajibu kwa sauti nzito. Pahali pa mashaka, choma kwa ncha ya kisu.
- Angalia zaidi mkuku, ule mti wa chini unaobeba mtumbwi mzima, na pahali maji ya mvua yanalala ndani. Kuoza kunaanzia hapo.
- Angalia misumari. Kutu inayotiririka kwenye rangi inaonyesha msumari umeliwa, hata kama kichwa chake kingali kizuri.
- Tikisa ubao wa nyuma unaobeba motere. Ukicheza, motere ya shevo 40 itaung'oa.
- Rangi mpya ao lami mpya pahali pamoja tu: uliza iliyofunikwa ni nini.

Kisha mtumbwi uingie majini. Uliokaa juani muda mrefu utavuja kwanza, sababu mbao zimekauka na kujikunja. Usiuhukumu siku hiyo. Uache siku moja ao mbili mbao zivimbe, utoe maji yote jioni, urudi asubuhi kuangalia yaliyoingia. Ukikuta umejaa tena, bei ya kalafati na mbao mpya itoke kwenye bei ya kununua. Njoo na fundi wako, si fundi aliyeletwa na komisyonere.

Fikiri pia kazi unayoutakia. Mtumbwi wa uvuvi si boti ya abiria. Desemba 2014, boti MV Mutambala ilizama katika ziwa hili baada ya kutoka Kalemie, na watu zaidi ya 100 walikufa. Upakizi wa kupita kiasi ulitajwa kati ya sababu. Ukitaka kubeba watu, uliza komisaria ya ziwa masharti, karatasi na majile ya kuokoa mbele ya kununua.

Kuchunguza motere

- Fika bila kutangaza saa, na ushike motere kwa mkono. Ikiwa moto tayari, kuna aliyeiwasha ili ikubali mbele yako. Ngoja ipoe, kisha iwashwe.
- Ikiwaka, maji ya kupozesha yatoke nyuma kwa nguvu. Yakidondoka tu, pompo ao njia za maji zina shida.
- Fungua oili ya giya chini. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi uzi wa wavu umejizungusha kwenye shafti ya pangaboi na kukata sili.
- Motere iliyotoka pwani ya bahari imekula chumvi; angalia kutu ndani, si rangi ya nje.
- Tafuta namba ya motere kwenye kibati chake na uiandike. Kibati kikiwa kimetolewa ao kukwaruzwa, acha biashara hiyo.

Mwishowe, nenda nayo ziwani nusu saa, na watu ndani. Motere inayolia vizuri ufukweni inaweza kuzima kwenye mawimbi. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini utakuonyesha ukweli haraka.

Pesa na karatasi

Lipa mkononi mwa mwenye mali, mbele ya mashahidi wa pande mbili. Ukilipa kwa simu, namba iwe na jina lake. Avansi, hata ndogo, iandikiwe desharje inayosema itarudishwa kama uchunguzi hautakuwa mzuri.

Akte ya mauzo iwe na:

- majina kamili, anwani na namba ya karti ya kura ya muuzaji na mnunuzi;
- jina la komisyonere, komisheni yake, na nani anailipa;
- urefu wa mtumbwi, rangi, alama zake, aina na namba ya motere;
- orodha ya vyote vinavyoenda pamoja: nyavu, taa, batri, nanga, makasia. Kwa katamarani, mitumbwi yote miwili itajwe;
- bei kwa tarakimu na kwa maneno, iliyolipwa na iliyobaki;
- neno la muuzaji kwamba mali ni yake na haina deni;
- tarehe, sahihi ao alama za vidole.

Andikeni nakala tatu. Shefu wa kijiji atie muhuri. Kwa pesa nyingi, pitia kwa notere. Kisha ubadilishe jina kwenye komisaria ya ziwa na kwenye biro ya uvuvi. Motere ikitoka Kigoma ao Rumonge, dai karatasi za duane (DGDA).

Kukitokea shida

Anza kwa kamati ya wavuvi na shefu wa kijiji: mambo mengi yanaishia hapo. Ikishindikana, tribinali ya amani inasikiliza madai ya pesa. Kama mtu alitumia jina la uongo ao ujanja ili umpe pesa, hiyo ni eskrokeri, kifungu cha 98 cha sheria ya makosa. Kama mwenye mtumbwi alimkabizi komisyonere pesa ao motere naye akaila, ni kifungu cha 95. Katika njia zote hizo utaulizwa jambo lilelile: karatasi iko wapi, na nani alishuhudia?