Kamba ya Manila, fimbo ya Cebu

Januari 1942 majeshi ya Japani yaliingia Manila, na jani la mkonge la Morogoro likawa mali ya vita. Kamba zilizosifika kuliko zote melini siku hizo zilisokotwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba unaostawi Ufilipino, na mabaharia waliziita kamba za Manila. Ufilipino ulipotekwa, Uingereza na Marekani zikageukia mkonge wa Afrika Mashariki. Kingolwira, kituo cha reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, ilikuwa ndani ya ukanda wa mkonge pamoja na Pangawe na Tungi. Watu wakahitajika mashambani kuliko wakati wowote, na serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikafikia kuwachukua vijana kwa nguvu ya sheria.

Huko Cebu, katikati ya visiwa vya Ufilipino, wakati huo kulikuwa na klabu ya fimbo yenye umri wa miaka kumi. Iliitwa Doce Pares, ilianzishwa mwaka 1932 na koo za Saavedra na Cañete, na ilifundisha mchezo ambao leo dunia inaujua kwa majina matatu: arnisi, eskrima na kali. Doring Saavedra, aliyesifiwa kuwa bingwa wao, aliuawa na Wajapani vitani. Mchezo ulibaki, ukasafiri, ukafika mpaka kwenye pazia la sinema za Dar es Salaam. Mizizi yake hutafutwa kwa wafalme na mashujaa. Nadhani ipo karibu zaidi na kambi ya manamba.

Tuanze na shujaa, maana hakwepeki. Tarehe 27 Aprili 1521, kwenye ufuo wa Mactan, ng'ambo ya mji wa Cebu, watu wa chifu Lapulapu walimuua nahodha Ferdinand Magellan. Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kulikumbuka jina la Magellan: akiwa kijana alisafiri na msafara wa Francisco de Almeida, ule ulioiteka Kilwa Julai 1505 na kuichoma Mombasa mwezi uliofuata. Walimu wengi wa eskrima humtaja Lapulapu kama babu wa fani yao. Lakini Antonio Pigafetta, aliyekuwepo siku ile na kuiandika, anasimulia mishale, mikuki ya mianzi na panga kubwa lililomkata nahodha mguuni. Hataji mchezo wala mafunzo ya fimbo. Lapulapu anastahili sanamu yake. Kumfanya mwalimu wa fimbo ni kumwongezea.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa zaidi: kwamba Wahispania walipoutawala Ufilipino walipiga marufuku panga, wenyeji wakaificha fani yao ndani ya ngoma na michezo ya kuigiza, fimbo ikishika nafasi ya chuma. Ni hadithi tamu, na Wabrazili wanasimulia inayofanana nayo kuhusu kapoera. Wanahistoria kadhaa wameitilia shaka, nami niko upande wao kwa sababu moja: mkulima wa Ufilipino hakuacha kushika panga. Bila bolo, panga lao la shambani, hakuna kufyeka, hakuna kukata nazi wala miwa. Wahispania walihitaji mazao yale kuliko wenyeji walivyohitaji ruhusa. Tena fani yenyewe imejaa Kihispania. Eskrima ni esgrima, mchezo wa panga wa Ulaya. Doce Pares ni wale mashujaa kumi na wawili wa mfalme Karoli Mkuu, waliokuja na ngano za wakoloni. Kilichotokea Cebu ni mchanganyiko, kama taarabu yetu ilivyo mchanganyiko, na hakuna anayeitaka taarabu ivue Uarabu wake ndipo iwe ya Zanzibar.

Jinsi inavyochezwa ndiyo inayoonyesha ilikotoka. Karate humwanzisha mwanafunzi mikono mitupu, silaha hufuata baadaye. Wafilipino wameigeuza: siku ya kwanza unapewa fimbo ya henzirani ya kama sentimita 70, na mikono mitupu huja mwisho, ikifuata njia zilezile fimbo ilizopita. Hujifunzi majina ya mapigo mengi, unajifunza pembe. Katika mtaala wa kawaida ni kumi na mbili: juu kulia, juu kushoto, ubavuni, kuchoma tumboni, na kuendelea. Kila pembe ina jibu lake, haijalishi anayekujia ameshika gongo, panga au kisu. Kuna zoezi la fimbo mbili linaloitwa sinawali, watu wawili wakipishanisha mapigo juu na chini kwa mdundo mmoja, mpaka mtazamaji aone ukili unasukwa. Jina lenyewe linatokana na kuta za mianzi iliyosukwa za nyumba za huko.

Na kuna kanuni ambayo Mswahili ataielewa bila mkalimani. Sisi tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wao husema mng'oe nyoka meno: usihangaike na kichwa wala kifua, piga mkono ulioshika silaha. Kwa sababu hiyo mazoezi ya zamani yaliwaacha wanafunzi na vidole vilivyovimba au kuvunjika, na wengi walikimbia. Remy Presas, aliyezaliwa mwaka 1936 Hinigaran katika kisiwa cha Negros, aliamua mazoezini fimbo ipige fimbo, si mkono. Negros ni kisiwa cha mashamba ya miwa, kwa hiyo mtu wa Mtibwa au Kilombero hahitaji kuelezwa ni maisha gani. Mabadiliko yake madogo ndiyo yaliyoingiza arnisi madarasani.

Lakini kabla ya madarasa kulikuwa na makambi. Marekani iliutawala Ufilipino kuanzia mwaka 1898, na katika miaka ya 1920 maelfu ya vijana walivuka bahari kwenda kukata miwa Hawaii na kuvuna mboga California. Wengi walikuwa wanaume bila wake, walilala kwenye mabweni ya shamba na kulipwa kidogo. Januari 1930, huko Watsonville, makundi ya Wazungu yaliwavamia kwa siku kadhaa, na Fermin Tobera, kijana wa shambani, akapigwa risasi akafa. Ndani ya makambi hayo wazee waliojua fimbo waliwafundisha ndugu na watu wa kijiji kimoja, kwa siri, tena kwa kuchagua. Mwaka 1966 Angel Cabales, ambaye naye alikuwa mfanyakazi wa shambani, alifungua shule mjini Stockton na kuwapokea watu wa nje. Baadhi ya wazee hawakumsamehe upesi.

Kingolwira ya miaka ya makambi hayo nayo ilikuwa na mabweni yake. Manamba walikuja kutoka mbali, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, Wangoni, kila mtu na kipande chake cha siku thelathini za kazi. Waluguru wenye milima yao hawakuupenda mkonge. Waliokuwa na shamba mlimani walikuwa na pa kusimama. Jirani kuna gereza la Kingolwira, lililoanzishwa miaka ya 1930 kama jaribio la kufunga watu bila kuta, wafungwa wakilima. Malishoni na barabarani wapo Waparakuyo, wafugaji wa jamii ya Wamasai walioishi Morogoro tangu karne ya 19, ambao kijana wao hatoki nyumbani bila fimbo na rungu. Wangoni nao mababu zao walikuja kutoka kusini na ngao na virungu. Na ngoma ya beni, iliyoenea kwa njia ya reli na askari, iliwapa vibarua gwaride, vyeo vya kijeshi na bakora ya kutembea nayo kwa madaha. Fimbo hazikukosekana hapa. Ila kila moja ilibaki kwa wenyewe, na kambi ilipofungwa kila mtu aliondoka na yake.

Fani ya fimbo ya Waswahili inayokaribia eskrima kuliko zote ipo pwani. Kirumbizi huchezwa Lamu na visiwa vya jirani, harusini na wakati wa Maulidi, ngoma na zumari zikilia. Wawili huingia uwanjani, huzungukana, mmoja hupiga na mwenzake hukinga, kisha hupeana mikono na kuwapisha wengine. Ni mchezo wa heshima. Anayepiga kwa hasira huaibika yeye. Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya Mwaka Kogwa kila Julai, wanaume wa pande mbili hutandikana kwa mashina ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe. Fimbo halisi ziliwekwa kando, na waliobuni badala ile walitatua shida ileile ya vidole vilivyovunjika aliyoikuta Presas.

Henzirani ya Cebu ilitufikia kwa sinema. Bruce Lee alifariki Julai 1973, wiki chache kabla filamu yake ya Enter the Dragon haijatoka, na ndani yake kuna pambano la chini ya ardhi ambapo anashika fimbo fupi mbili. Katika Game of Death ya mwaka 1978 anayepigana naye kwa fimbo ni Dan Inosanto, mzaliwa wa Stockton, mtoto wa Wafilipino na mwalimu wake wa silaha. Vijana wa Tanzania waliiona kazi ya makambi ya California na kuiita kungfu au karate, kwani hakuna aliyewaambia ina jina lake. Mwenye kufundisha karate yenyewe alikuwa Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyeanzisha mazoezi ya Goju Ryu katika Shule ya Sekondari Zanaki, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliliita dojo lake Hekalu la Kujilinda. Wanafunzi wake walikuja kuwa walimu, na karate ikapata mikanda, vyeti na chama.

Desemba 2009 Ufilipino ulitunga sheria namba 9850, inayoitambua arnisi kuwa mchezo wa taifa. Sheria hiyo inataka nembo yake iwekwe kwenye muhuri wa tume ya michezo ya nchi, na arnisi iwe shindano la kwanza kuchezwa katika Palarong Pambansa, michezo ya shule ya kila mwaka. UMISSETA yetu, michezo ya shule za sekondari, ina soka, netiboli, wavu na riadha. Kirumbizi, kikiitwa kwenye uwanja wa michezo, huitwa siku ya ufunguzi, kumchezea mgeni rasmi akiwa amekaa jukwaani.